Kondoo wa Nayolang'

Tangu asubuhi kondoo alikuwa akizunguka, kushoto tu, mpaka miguu yake ikachora duara kwenye vumbi la boma. Akigonga ua wa miiba anasimama, kama amesahau alikokuwa anakwenda, kisha anaanza tena. Nayolang' alimpitishia mkono mbele ya jicho la kulia. Halikupepesa.

"Ormilo hiyo, imeshamla kichwa," alisema mumewe, Lemomo, akinoa kisu. "Leo nyama. Kichwa watapewa mbwa."

"Thubutu!" Kilusu, mke mkubwa, alitokea mlangoni kwake akipapasa ukuta. "Mbwa akila ubongo huo, kesho anaunya ugonjwa malishoni, kondoo wanaula. Miaka mingapi nakwambia? Lete kisu hicho."

Kondoo yule Kilusu ndiye aliyempa Nayolang' mwaka jana, siku alipoletwa bomani kama bibi harusi, naye kondoo akiwa bado ananyonya. Tangu hapo wake wenza hao wawili waliitana Paker, jina la waliopeana kondoo, kwa ajili ya zawadi hiyo. Na hakuna kondoo aliyepona ormilo, ugonjwa huo wa kuzunguka, pale bila kupita mikononi mwa Kilusu. Alifundishwa na baba yake kufungua fuvu. Lakini sasa macho yake yote mawili yalikuwa na ukungu.

"Paker, kaa hapa," alisema. "Leo utakata wewe."

"Mimi? Nitamuua!"

"Ukimwacha atakufa vilevile. Weka kidole gumba hapa, upande anaozungukia. Bonyeza polepole."

Nayolang' alibonyeza. Mfupa mgumu, mgumu, halafu ghafla mahali padogo pakabonyea kama ganda la yai bovu. Akashtuka, akauondoa mkono.

"Umepaona," Kilusu alisema, na sauti yake ilikuwa na furaha.

Lemomo alimshika kondoo miguu, akinung'unika kwamba nyama inapotezwa bure. Nayolang' alinyoa manyoya, akapasua ngozi pande tatu, akaifunua. Mfupa ulikuwa mwembamba hata ncha ya kisu ikauinua bila nguvu. Chini yake kitu cheupe kilikuwa kikipanda na kushuka kwa mapigo ya moyo.

"Usikitoboe!" alisema Kilusu. "Mwinamishe kichwa. Kitatoka chenyewe."

Walimwinamisha. Wakangoja. Jasho lilimwingia Nayolang' machoni asithubutu kulifuta. Kisha kifuko kikateleza taratibu, kizima, kikubwa kama yai la kuku, kimejaa maji safi na vidoadoa vyeupe kama punje za mchele. Kilusu alikipokea kiganjani, akakipima uzito, akakitia motoni kwa mkono wake mwenyewe huku akifukuza mbwa.

"Mimi changu cha kwanza nilikipasua," alisema. "Baba alinicheka mwezi mzima."

Nayolang' alirudisha ngozi, akaishona. Siku mbili kondoo alilala tu, akinyweshwa maziwa. Siku ya tatu aliinuka, akaegemea ukuta, akatembea. Moja kwa moja.

"Mh," alisema Lemomo. "Wanawake hawa!" Jioni hiyo kila aliyepita njiani alisimamishwa, akasimuliwa kana kwamba kisu alishika yeye.

Msimu ule Nayolang' aliwafungua fuvu wengine watatu. Wawili walikufa, na kwa wa pili alilia. Kilusu alikaa naye, kisha akamwambia amletee kile kichwa, wakakikagua pamoja kwa vidole mpaka wakajua alikosea wapi.