Bega la Mchukuzi

Asubuhi alipoamka, shati lilikuwa limegandana na bega. Silasi alilowesha kitambaa kwenye ndoo, akakiweka juu ya bega la kulia na kusubiri. Shati lilipobanduka, lilibanduka na ngozi. Akageuza shingo kadiri alivyoweza, lakini hakuona kitu. Kidonda kilikuwa nyuma, mahali ambapo mtu hawezi kujitazama mwenyewe, na katika chumba chake cha kupanga mtaani Isevya hapakuwa na mtu mwingine. Mkewe, Josepha, alikuwa amezikwa kijijini kwao Kigwa.

Alikuwa mchukuzi wa stesheni. Miaka ya nyuma msumari wa kreti ulimchana bega. Jeraha lilipona, kovu halikukoma kukua. Lilituna, likawa gumu na nene kama kidole gumba, tena likimwasha hata akashindwa kulala. Mwaka huo wa 1960 alikwenda hospitali kwa ajili ya kikohozi, daktari Mwingereza akaliona kovu akasahau kikohozi. Palikuwa na dawa mpya kutoka kwao, ya kudungwa ndani ya kovu lenyewe. Daktari alieleza kwa Kiingereza, maelezo marefu. Wenceslaus, dresa wa kufunga vidonda aliyekuwa akifasiri, akasema, "Italilainisha."

Na kweli, baada ya sindano kadhaa kovu lililainika, likalala, likaacha kuwasha. Silasi akawa analala kama mtoto. Kisha siku moja kamba ya sanduku ilimkwaruza pale pale. Ulikuwa mkwaruzo wa kupona kabla ya Jumapili. Haukupona. Kila alipobeba mzigo ulifunguka zaidi, na siku asiyobeba hakuwa na chakula.

Asubuhi hiyo alibeba godoro la mke wa karani aliyeshuka kutoka treni ya Kigoma. Alipolitua, foronya nyeupe ya godoro ilikuwa na doa la damu na usaha. Mama yule alirudi nyuma hatua moja tu, akamtazama mumewe. Abasi, mnyapara wa wachukuzi, alimvuta Silasi kando, akamfungua beji ya shaba ya uchukuzi kifuani taratibu, kama mtu anayemvua mgonjwa nguo. Alimwambia arudi akiwa amepona. Kabla Silasi hajafika getini, beji ilikuwa imeshapata kifua kingine.

Alikwenda hospitali, akakaa kwenye benchi mpaka jua likapita utosini. Daktari alimwona, akafurahi. Alibonyezabonyeza pale kovu lilipolala, akamwita mwenzake mgeni aje atazame. Walizungumza kwa muda mrefu nyuma ya mgongo wake. Hatimaye Wenceslaus alifasiri kwamba asibebe kitu chochote mpaka kidonda kifunge, na kwamba upande uliobaki umetuna utadungwa siku ile ile.

"Mwambie sina kazi nyingine," Silasi alisema.

Wenceslaus alimtazama daktari, ambaye alikuwa ameshaanza kunawa mikono, naye hakufasiri.

"Basi niambie wewe, Bwana dresa. Mara ya kwanza alisema maneno mengi, ukanipa moja. Mengine yalikuwa yapi?"

Dresa alikunja shashi taratibu. "Alisema ngozi itakuwa nyembamba. Ikichanika itachelewa kufunga. Alisema usibebe mzigo begani." Akaongeza kwa sauti ya chini, "Foleni ya wagonjwa siku ile ilifika barabarani, ndugu yangu."

Silasi alichukua shati lake. Daktari alipogeuka na sindano mkononi, alimkuta mgonjwa amesimama, amefunga vifungo vyote hadi shingoni. Daktari aliuliza kitu. Safari hii Silasi hakungoja kufasiriwa. Alitikisa kichwa, akatoka.

Dresa alimkimbilia barazani, akamtia shashi na chupa ya dawa ya kusafishia mkononi, akamwambia mtu wa nyumbani amsafishe kila siku. Silasi aliitikia.

Nyumbani alijaribu mwenyewe. Mkono wa kushoto haukufika, na dawa ilimwagika mgongoni. Kisha akavuka ua, akabisha hodi kwa Mzee Mabruki, mshona viatu, ambaye kwa miaka yote waliyopanga nyumba moja hakuwahi kuzungumza naye zaidi ya salamu.

"Shikamoo, mzee. Naomba unitazamie mgongo."

"Marahaba. Geuka kwenye mwanga."

Mabruki alitazama. Silasi akamwomba amwambie bega likoje.

"Pamelala sawasawa, peupe, panang'aa kama karatasi," mzee alisema. "Katikati pako wazi. Naona nyama." Alianza kusafisha, kwa vidole vilivyozoea ngozi ngumu kuliko hiyo. "Nani kakufanya hivi?"

"Hospitali."

"Ulikuwa unaumwa nini?"

Silasi alishika kizingiti cha mlango.

"Kovu lilikuwa linawasha," alisema.