Kiini Kilichofutwa

Aliyesikia la mkuu ndiye aliyevunjika guu. Kila mgeni aliyejifunza lugha moja ya kompyuta kwa kufuata kanuni zake neno kwa neno alijikwaa palepale, kwenye kifungu cha "aina kiini".

Mkuu mwenyewe sasa alikuwa kitandani, mito mitatu mgongoni, pumzi zikimtoka kwa taabu. Ndiye aliyeandika, katika kitabu cha kanuni, sura ya aina za jumla, zile zinazomwezesha mtu kuandika kipande cha programu mara moja, kikafaa kwa namba, kwa maneno, kwa chochote. Ili kurahisisha mambo akabuni kiini: kabla hujaelewa kanuni yoyote, hata ya kukata orodha vipande, sharti kwanza utafute kiini cha aina, yaani umbo moja la ndani ambalo aina zote zinazohusika zinalishiriki. Ngazi ikageuka ukuta.

Ofisini kwao kifungu hakifutwi mpaka kisomwe kwa sauti mbele ya aliyekiandika. Ndiyo maana Wembe, mhariri aliyefunzwa kazi na mzee huyuhuyu, alikuwa ameketi kando ya kitanda, kompyuta mapajani.

Akasoma. Mzee akafumba macho, midomo ikimfuatisha.

"Kitamu," akasema.

"Kitamu, baba, ila hakimezeki."

"Mdomo huo nilikufundisha mimi?"

"Huu nilikuja nao. Wewe ulinifundisha kufuta."

Mzee akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. Mkewe akaja na maji, akamnywesha, kisha akasimama mlangoni.

"Programu ngapi zitaharibika?" mzee akauliza.

"Hata moja. Kila kanuni itajisemea yenyewe. Kompyuta haitajua kama kuna kitu kimeondoka."

Hilo ndilo lililomchoma mzee. Akageukia ukutani. "Basi ngoja nife kwanza. Si mbali."

Toleo jipya la kanuni lilikuwa linafungwa jioni ile. Wembe akingoja, wageni wangejikwaa mwaka mzima mwingine.

"Ukifa nitamsomea nani?" akasema taratibu.

Wembe akakifuta kifungu. Ukurasa ukajifunga juu ya pengo, mstari kwa mstari, kana kwamba hapakuwahi kuwa na neno.

Alipofika mlangoni, mke wa mzee akamshika mkono. "Mwanangu, rudi umwombe radhi. Neno moja tu, apate kulala."

Machozi yalikuwa yanamtiririka Wembe, wala hakuyafuta.

"Nampenda, mama. Radhi siombi."