Mwandishi Mpya wa Widad

Fikriya alipofariki, mumewe alimlilia mke, majirani wakamlilia jirani. Binti yake, Widad, alimlilia mama. Arubaini ilipopita ndipo alipotambua kwamba kuna mtu mwingine pia aliyezikwa siku ile: mwandishi wake wa mitihani.

Widad hakuwa akiona tangu kuzaliwa. Alikuwa mwaka wa tatu, idara ya historia, katika chuo kikuu kimoja huku Saidi, kusini mwa Misri. Kanuni ya chuo ni kwamba mwanafunzi asiyeona hutamka majibu yake, na mtu mwenye elimu ndogo kuliko yake huyaandika kama yalivyotamkwa. Fikriya alikuwa na cheti cha sekondari tu, basi alifaa. Kila msimu wa mitihani alipanda basi pamoja na binti yake, amebeba chupa ya chai na mkoba wa kalamu, akakaa ubavuni mwake akaandika. Kila muhula Widad alipata "vizuri sana".

Sasa baba yake, Abdel-Shafi, fundi wa kushona kanzu, alikuwa na lake la kusema.

"Pumzika mwaka huu, mwanangu. Chuo hakihami."

Widad alikuwa na binamu wawili waliopumzika mwaka mmoja. Wote sasa walikuwa wakibembeleza watoto.

"Nipe muhula huu mmoja, baba."

Cherehani ikanyamaza kidogo. "Haya. Ukipita, utaendelea. Ukianguka, utarudi nyumbani, na tusilaumiane."

Hivyo ndivyo alivyofika peke yake kwenye kituo cha wanafunzi wasioona, chumba kirefu nyuma ya maktaba. Msimamizi wake alikuwa Ustadha Insaf, mwanamke ambaye bangili zake zilitangulia kuingia kabla yake. Insaf alimshika Widad mkono, akampa pole, kisha akamkabidhi kwa msichana wa mwaka wa kwanza, kitivo cha kilimo.

"Huyu ni Demiana. Historia haijui hata kidogo, kwa hiyo ni halali yako. Mitihani ni mwezi ujao. Jaribuni swali moja tuone."

Swali lilihusu Muhammad Ali, mtawala wa Misri wa zamani, na Wamamluki, wale makamanda walioishika nchi kabla yake. Widad alilijua kama njia ya kwenda nyumbani kwao. Akatamka bila kusita, akamaliza, akaegemea kiti akisubiri sifa.

"Msomee," Insaf akasema.

Demiana akakohoa. "'Muhammad Ali alipoona wale wanamsumbua akafanya ile ya Ngome akawaita kwenye sherehe ya nani yule mwanawe kisha lango likafungwa na unajua kilichotokea ngoja kwanza hapana anza na ardhi ile ardhi waliyokuwa wameishika weka hapo juu.'"

Chumba kizima kikacheka. Kulikuwa na wanafunzi wengine sita, na kila mmoja alikuwa ameacha kazi yake kusikiliza.

"Sikusema hivyo!" Widad akawaka.

"Umesema, bibie," ikajibu sauti nzito kutoka dirishani. Huyo alikuwa Tuhami, mwanafunzi wa sheria. Watu walimwita shekhe, kama wanavyoitwa wanaume wengi wasioona huku kwetu, ingawa hata msikitini alikuwa mvivu kwenda. "Sote tumesikia. Mimi nimependa hasa pale pa 'nani yule'. Mwalimu akisoma hapo atalia machozi."

"Wewe shekhe hebu nyamaza! Mama angeelewa!"

Kicheko kikakatika. Tuhami akasema, kwa sauti ya chini, "Mama yako, Mungu amrehemu, alikuwa akielewa. Huyu mwenzio anaandika."

Siku hiyo Widad hakula bwenini. Alilala chali na lile swali likamkalia kifuani: kama maneno yake yalikuwa ni yale ya kubabaika, basi zile "vizuri sana" zilikuwa za nani? Asubuhi alimtangulia Insaf kituoni, akamsubiri mlangoni mpaka aliposikia bangili.

"Ustadha, ulikuwa ukisimamia chumba chetu cha mitihani. Niambie kweli. Mama alikuwa akinipa majibu?"

Insaf alifungua mlango, akaweka mkoba chini.

"Nilikuwa nikikaa nyuma yenu makusudi, maana wazazi siwaamini. Hakukuongezea tarehe, hakukuongezea jina. Alikuwa na neno moja tu. Ukikwama anasema, 'Halafu?' Ukizunguka anasema, 'Halafu?' Nawe unamaliza. Na nadhani ulipotamka ovyo, yeye aliandika kwa mpango. Hiyo sikuiona, lakini nilisoma karatasi zako, na jana nimekusikia."

"Basi alama ni zake."

"Ulichokijua kilikuwa chako. Namna ya kukipanga, sijui, labda ilikuwa yake. Kama ningejua mapema, ningemkataza, nawe ungenichukia." Akavuta kiti. "Ninachojua ni kwamba Demiana hatakuuliza 'halafu'. Nimemkataza. Wewe ndiye utakayejifunza."

Kisha akampa zoezi lililomshangaza. Asitamke historia. Amtamkie Demiana namna ya kupika mulukhiya, mchuzi mzito wa majani ya mlenda, na Demiana aipike bwenini kama ilivyoandikwa, bila kuongeza wala kupunguza.

"Mulukhiya?" Widad akacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba. "Nani asiyejua kupika mulukhiya?"

Alitamka kwa dakika chache. Kesho yake Demiana alikuja na sufuria na mikate, na kila mtu akachovya.

"Hii," Tuhami akasema, "ni maji ya mfereji."

"Mimi sina kosa, shekhe!" Demiana akajitetea. "Nimepika kilichoandikwa. Kitunguu saumu hakikutajwa. Giligilani haikutajwa. Imeandikwa, 'mwisho unaweka ile yake na unavuta pumzi.' Basi nikasimama jikoni, sina cha kuweka, nikavuta pumzi. Wenzangu wakadhani nimepatwa na pumu."

Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Huku kwetu mwanamke anapomimina kitunguu saumu kilichokaangwa ndani ya mulukhiya, huvuta pumzi kwa mshtuko, na wengine huapa kwamba bila hivyo haina ladha. Widad aliikumbuka pumzi ile, pamoja na mchemko wa samli na mama akisema, "Rudi nyuma, usiungue." Alidhani atalia. Badala yake akajikuta anasema, "Lakini hilo la kitunguu saumu kila mtu analijua."

"Hata mimi nalijua, shoga," Demiana akasema. "Lakini hukunipa niandike."

Kuanzia hapo walifanya kazi kila alasiri. Widad alijifunza kutamka nukta na kutamka aya mpya. Alijifunza kuliita kila jambo kwa jina lake: si "wale", ni Wamamluki, si "ile ya Ngome", ni mauaji ya Ngome ya Kairo. Alijifunza kunyamaza kwanza, aipange sentensi kichwani, ndipo aifungulie mdomo. Jambo hili lilimchosha kuliko kusoma kwenyewe. Kuna siku alipiga meza akasema hawezi, na Demiana akauliza kwa upole, "Niandike hiyo?" Tuhami naye, asiyeombwa, alikuwa akitoa hukumu kutoka dirishani: "Sentensi hiyo ina vichwa viwili, bibie, chinja kimoja."

Mtihani wa kwanza ulikuwa Januari, asubuhi ya baridi. Wasioona wote hukaa chumba kimoja, kila mmoja na mwandishi wake, na minong'ono hujaa humo kama nyuki ndani ya gogo. Swali la tatu lilimkuta Widad vibaya. Alianza vizuri, akafika katikati, fikra zikatawanyika. Akangoja. Ubavuni mwake kalamu ya Demiana nayo ilingoja, na hapakuwa na mtu wa kusema chochote. Nafasi ile ya ukimya alikuwa akiijua. Siku zote ilikuwa na sauti ndani yake.

"Halafu," Widad akasema mwenyewe.

Kalamu ikagusa karatasi.

"Hiyo usiandike," akanong'ona. Akapanga sentensi kichwani, akaigeuza, akaitazama upande huu na upande ule. "Aya mpya. Baada ya kuwamaliza Wamamluki, Muhammad Ali aligeukia ardhi. Nukta."

Akaendelea mpaka kengele.

Matokeo yalitoka wakati wa likizo. Demiana alipiga simu akamsomea, somo kwa somo, na baba alizima cherehani ili asikie. Hakuna alilofeli. Hakuna pia lililofika "vizuri sana". Mengi yalikuwa "vizuri", na mawili yalikuwa ya kupita tu.

Widad alipokata simu, Abdel-Shafi alianza kukusanya vipande vya uzi mezani.

"Yameshuka," akasema hatimaye.

"Yameshuka, baba."

"Mama yako angekuwepo yasingeshuka."

Widad angeweza kumweleza. Angeweza kumwambia habari ya nukta na aya, na sentensi zenye vichwa viwili, na namna alivyosubiri sauti isije. Lakini baba alikuwa akimkumbuka mkewe, na katika kumkumbuka huko hakukosea.

"Ni kweli," akasema. "Yasingeshuka. Haya nimeyapata bila yeye."

Uzi ukaendelea kukusanywa. Nje muuza gesi alipita akigonga mitungi kwa spana.

"Muhula wa pili unaanza lini?" baba akauliza.

"Jumamosi."

"Basi la saa ngapi?"

"La saa kumi na mbili asubuhi."

Baba akavuta kitambaa, akakiweka chini ya sindano. "Nitakusindikiza mpaka kituo cha basi," akasema, na cherehani ikaanza tena.