Doa Jeupe kwenye Gego la Zamda

Nilikuwa nimefika debe la thelathini na nne, kijiti kinachuruzika asali, nilipomwona Zamda akinywa maji na kuyahamishia shavu la kulia. Aliyameza kwa upande huo mmoja, taratibu, kama mtu anayempita mbwa aliyelala.

Nilionja debe langu, nikalitia alama ya chaki, nikasubiri anywe tena. Akafanya vilevile.

Kazi yetu katika ghala la Bwana Fakhrudin, karibu na stesheni ya Tabora, ilikuwa kuonja. Asali ilikuja kwa malori kutoka misitu ya Usinge, na kila debe lilipita kwenye ulimi wa mmoja wetu kabla ya kuzibwa. Iliyochacha iliwekwa kando, chungu kando, tamu ndiyo iliyopanda garimoshi. Kila mmoja alionja madebe sitini kwa siku. Katika miaka sita dresa wa zahanati alikuwa amening'oa magego matatu, na yote matatu yalipita njia moja. Kwanza doa jeupe karibu na ufizi, lisilong'aa, kama maziwa yaliyokaukia kwenye kikombe. Kisha maji ya baridi yanachoma na kuacha. Kisha doa linageuka rangi ya chai. Kisha tundu. Maumivu ya kukunyima usingizi huja mwisho, na wakati huo kinachobaki ni koleo.

Nilimwita Zamda mlangoni penye mwanga. Alikuwa na miaka kumi na tisa, ameolewa mwezi wa tatu uliopita. Nilikausha gego lake la kushoto kwa pindo la khanga, maana jino lenye mate huficha. Doa lilikuwepo, dogo kama punje ya mtama.

"Lina weupe pale chini," nilimwambia.

"Si vizuri, Mama Hilari? Watu wanatafuta meno meupe."

Nikampa kipande changu cha kioo atazame mwenyewe, jino linalong'aa na lile lisilong'aa. Alitazama kwa muda mrefu. Ndipo akanieleza kwamba tangu maji yaanze kumchoma, kila jioni alikuwa akilipaka asali kwa pamba na kulala nayo. Mama yake ndiye aliyemshauri.

Sikumlaumu mama yake. Mimi mwenyewe niliungua mguu kwa uji, na asali ndiyo iliyoniponya. Na mimi nililipaka gego langu la kwanza, na la pili.

"Mdogo wangu," nilisema, "unakilisha kile kinachokula jino."

Twalibu, nyapara wetu, alikuwa amesimama nyuma yetu. Alisema kwa sauti ya kusikiwa na ghala zima, "Mama Hilari, hapa tuliajiri ulimi wako. Macho hatukuyaomba."

Wanawake walicheka, nami nikacheka, kwa sababu kilikuwa kichekesho kizuri. Kisha nikaweka kijiti changu juu ya mfuniko, nikakaa kwenye gunia. Twalibu aliniamuru niinuke. Nikamjibu kwamba namsubiri mwenye ghala.

Bwana Fakhrudin alikuja bila hasira. Aliuliza ninataka nini, nami nikamweleza kwa utaratibu: mtungi wa maji kwa kila mwonjaji, nafasi ya kusukutua kila baada ya madebe matano, na mswaki mchana. Zamda ahamishiwe kwenye kuchuja hadi doa lake lijulikane linaelekea wapi. Nikamtajia Imakulata, aliyeacha kuonja akiwa na doa kama hilo. Mwaka ulipopita nililikausha jino lake nikalitazama, lilikuwa limeanza kung'aa tena. Yeye ni mmoja tu. Sikudai zaidi ya nilichokiona.

Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema shehena inaondoka kesho adhuhuri, na kusukutua kunakula saa.

"Na asali ni dawa, Mama Hilari. Hilo limeandikwa."

"Limeandikwa kweli, Bwana. Ila halikuandikwa la madebe sitini kwa siku."

Alitabasamu kidogo. Halafu akaokota kijiti changu, akakifuta, akamnyooshea Zamda. Alimwambia kwa upole kwamba mwenye ulimi mzuri wa kuonja hakosi kazi katika ghala hili, na kwamba wenye midomo mirefu wasio na kazi wako wengi mjini.

Zamda alinitazama. Nilitazama pembeni, nisije nikamwamulia. Jino lilikuwa lake, na nyumba ya kulishwa ilikuwa yake pia. Alipokea kijiti. Twalibu akamsogezea debe.

"Shikamoo, Bwana," Zamda alisema, kana kwamba ndiyo kwanza wamekutana, "sitaonja bila maji." Akakichomeka kijiti ukutani, kati ya matofali mawili, akaja kukaa nami kwenye gunia.

Mwanamke wa tatu akaweka chake chini. Bwana Fakhrudin hakusema ndiyo wala hapana. Alitazama saa yake, akamnong'oneza Twalibu, akaingia ofisini na kufunga mlango.

Tulikaa hadi kengele ya kutoka. Kwangu peke yangu madebe ishirini na sita yalibaki hayajaonjwa. Tuliyafunika yote vizuri, sisimizi wasiingie, tukayapanga mstari mmoja ukutani, palipo rahisi kuanzia asubuhi, yeyote atakayeanza.

Njiani Zamda aliuliza aje na mswaki wa mti gani.

"Wowote usio mchungu sana," nilimwambia. "Na uje mapema."