Aliyemkopesha Rubani Sauti

Jana mchana, baada ya wali na kabla ya chai, Mhina Shekilindi aliota ndoto ambayo hawezi kumsimulia mtu huku akimtazama usoni.

Mhina ni mtu wa Lushoto anayeishi Tabata. Ana miaka arobaini na saba, na kazi yake ni kuingiza sauti ya Kiswahili kwenye tamthilia za nje. Mwaka huu alipewa rubani Orsen, katika tamthilia ya watu wanaoishi angani ndani ya chombo cha chuma. Kwenye sehemu ya kumi na nne Orsen anampenda Ilva, mwanamke asiyekuwepo. Kompyuta ya chombo imemtengeneza kwa mwanga, ndani ya chumba kimoja ambamo hawezi kutoka. Ilva anamjua Orsen kuliko mtu yeyote, kwa sababu ndivyo alivyotengenezwa, na Orsen anamwambia maneno ambayo Mhina, mara ya kwanza alipoyasoma kwenye karatasi, aliyarudia kwa sauti.

Sehemu hiyo ilirushwa Ijumaa. Mkewe, Mwanahawa, aliitazama sebuleni pamoja na majirani wawili. Majirani walishika vifua. Mwanahawa alitazama mpaka mwisho, kisha akasema, "Kumbe unaweza," akaenda kuosha vyombo. Mhina alilitafuna neno hilo siku mbili asijue kama alisifiwa.

Basi jana, Jumapili, alijinyoosha kwenye kochi, televisheni ikiwa inaongea peke yake, na usingizi ukamchukua.

Televisheni ikakohoa. Ikamwambia kwa adabu kwamba amechelewa kurekodi na watu wanamngoja. Mhina hakuona ajabu. Alivaa ndala zake, akanyanyua mguu, akaingia ndani ya kioo kama mtu anayevuka kizingiti. Akatokea kwenye korido ya studio, ile yenye trei za mayai zilizobandikwa ukutani kuzuia mwangwi. Safari hii trei zote zilikuwa na mayai. Mayai yalimwomba atembee polepole, naye akatembea polepole.

Anafungua mlango. Studio imekuwa chumba cha mwanga. Katikati lipo kochi lake la nyumbani, na kwenye kochi ameketi Ilva, anashona kifungo cha shati la Mhina. Anamkaribisha. Anamuuliza goti la kushoto linaendeleaje, na kama bado hapendi tangawizi nyingi kwenye chai. Mhina anasikia raha ambayo hajaisikia muda mrefu, na hapo hapo anaona haya, kwa kuwa anajua raha hiyo ameandikiwa mtu mwingine.

Mbele yao kuna meza, na nyuma ya meza imeketi maikrofoni, imevaa sponji lake kichwani kama kofia. Ndiyo msajili wa ndoa. Inafungua daftari.

"Maneno ya sehemu ya kumi na nne uliyasema wewe?"

"Niliyasoma," anasema Mhina. "Ni ya Orsen."

"Uliyasoma mara ngapi?"

"Mara kumi na moja."

"Uliombwa mara ngapi?"

Mhina anakumbuka fundi mitambo alivyomwambia kwamba imetosha, mara ya pili tu, na yeye akaomba tena, na tena, macho yamefumbwa.

"Mbili," anasema.

Maikrofoni inaandika bila kumtazama. Inaeleza kwamba sheria ya chumba ni nyepesi. Anayeyarudia maneno yale zaidi ya alivyoombwa, hayo ni yake, na aliyeambiwa ni mchumba wake. Kilichobaki ni mke aliyepo kuulizwa kama ana neno.

Chumba kinageuka ukumbi wa shule ya msingi aliyosoma Lushoto. Madawati yamejaa watu. Majirani wawili wa Ijumaa wapo. Binti yake Rukia yupo, amevaa sare ya bweni. Shangazi Namkunda, ambaye ndiye aliyekwenda kumposea Mwanahawa, ameketi mstari wa mbele na mkoba wake magotini. Hakuna anayemlaumu. Wote wanatazama miguu yao, kwa heshima, kama watu waliomfumania mtu anaoga.

Mwanahawa anaingia. Amejifunga kanga yake ya jikoni na ana mwiko mkononi, dhahiri ametolewa kwenye mapishi. Anasimama mbele ya mumewe, anafungua mdomo, anaongea. Sauti haitoki.

"Sauti ya huyu unaiingiza wewe," maikrofoni inamwambia Mhina. "Mmekaa miaka kumi na tisa. Maneno yake unayajua."

Kazi hiyo Mhina anaijua kuliko kazi yoyote. Mdomo ukifunguka, neno liwepo. Ukifumba, neno liwe limekwisha. Hakuna studio mjini ambayo haijawahi kumsifu kwa hilo. Anasafisha koo, anatazama midomo ya mkewe, anaingiza, "Chakula tayari."

Midomo inaendelea.

Anajaribu, "Umeme wa Luku umekwisha." Inapita, inaenea vizuri kabisa, na midomo inaendelea. Anajaribu kwamba Rukia amepiga simu, kwamba maji hayajatoka tangu asubuhi, kwamba kuna mgeni. Anajaribu sentensi zote anazokumbuka kuzisikia kutoka kwa mwanamke huyu, na anagundua kwamba zote hazifiki ishirini. Zinakwisha. Midomo ya Mwanahawa haijafika hata nusu. Anaongea taratibu, bila hasira, kama mtu anayerudia jambo alilokwisha kulisema.

"Sisi tulikuwepo alipokwambia," inasema ndala ya kulia.

Ya kushoto inaiambia inyamaze, isimtie mwenyewe aibu mbele ya watu.

Jasho linamtoka Mhina. Anamgeukia Ilva, ambaye ameacha kushona na anamsikiliza Mwanahawa kwa makini, machozi ya mwanga yakimshuka. Mhina anamuuliza kwa sauti ya chini, Shangazi asisikie, mke wake anasema nini.

"Unaniuliza mimi?" anasema Ilva. "Mimi nimekuja juzi, Ijumaa."

Ukumbi mzima unazidi kutazama miguu.

Mhina ananyanyua mikono afiche uso, na mikono inagonga kitu kigumu masikioni. Ni hedifoni za kazini. Amezivaa. Waya wake unashuka begani, unatoka mlangoni, unapita kwenye korido ya mayai, unaendelea kurudi nyuma, siku baada ya siku, miezi, hata mwisho wake hauonekani. Anatambua kwamba hakuzivaa kwa ajili ya ndoto hii. Anazivua.

Sauti ya Mwanahawa ipo. Ilikuwepo muda wote.

"Daktari amenikataza chumvi tangu mfungo sita, miezi mitano sasa," anasema. "Presha. Nimekwambia mara tatu, Baba Rukia. Mara ya tatu ulinijibu, 'Vizuri.'"

Mhina anaiomba maikrofoni ifute lile "vizuri", yuko tayari kurekodi upya hata mara kumi na moja. Maikrofoni inafunga daftari. Inasema imesharushwa.

Ilva anakata uzi kwa meno, anamkabidhi shati lake, anauliza watu kama yeye huenda wapi sehemu ikimalizika. Anajibiwa kwamba huenda kwenye marudio, Jumapili saa nane mchana. Anatazama saa ya ukumbini. Ni saa nane kasoro dakika moja. Anatoka mbio, na mwanga unatoka naye.

Mhina akaamka. Kwenye televisheni marudio ya sehemu ya kumi na nne yalikuwa yanaanza. Aliizima kabla hajajisikia akiongea.

Akaketi, akajitazama shati. Kifungo cha pili kutoka juu kilikuwa hakipo, kama kilivyokuwa hakipo wiki nzima. Akashusha pumzi. Ndoto ni ndoto tu, alijiambia, ukila wali ukalala chali ndiyo matokeo yake. Akaenda mezani kutafuta chochote cha kutia mdomoni.

Sahani yake aliiacha tupu. Ya Mwanahawa ilikuwa bado na mchuzi kidogo wa samaki, imefunikwa. Akachovya kidole, akaonja. Haukuwa na chumvi hata chembe. Akaenda jikoni akafunua sufuria, akaonja mchuzi uliobaki. Nao vilevile. Akarudi, akasimama akikitazama kikopo cha chumvi kilichowekwa upande wake wa meza, karibu na mahali mkono wake wa kulia unapokaa. Kimekaa pale kila siku, na kila siku amejitilia bila kuuliza. Mwezi uliopita, studio, aliwaambia wenzake kwamba mwanamke ukikaa naye sana anakuwa mvivu hata wa kuonja mboga, na wakacheka.

Uso ulimwaka, ingawa mle ndani hapakuwa na mtu wa kumtazama.

Mwanahawa alikuwa uani, ameketi kwenye mkeka, anachambua mchicha wa jioni. Mhina alisimama mlangoni. Sauti iliyomjia kwanza ilikuwa ile nzito ya Orsen, yenye pumzi ndefu, tayari na maneno mazuri. Akaimeza. Alipoongea, sauti ilitoka nyembamba, yenye mikwaruzo.

"Daktari alisemaje?"

Mikono ya Mwanahawa ikasimama. Hakugeuka upesi.

"Nani amekwambia habari za daktari?"

"Wewe."

"Lini?"

"Mara tatu," alisema Mhina.

Mwanahawa alimtazama sana, kuanzia ndala mpaka usoni, kama anayehakikisha ni nani hasa aliyesimama pale. Mhina alitaka kutazama miguu yake. Hakuitazama.

"Nilikwenda peke yangu siku hiyo," alisema mwishowe. "Kadi ya kliniki niliiweka chini ya godoro. Upande wako. Nikasema ataiona tu siku moja, akitandika."

Mhina akaingia chumbani, akanyanyua godoro. Kadi ilikuwepo. Ameilalia miezi mitano, na ilikuwa imenyooka kama nguo iliyopigwa pasi.