Mfuko wa Mzee Mwishehe

Siku ya tatu baada ya upasuaji wa tezi dume, baba mkwe wangu, Mzee Mwishehe, alianza kutetemeka mpaka kitanda kikawa kinagonga ukuta. Nilimgusa paji la uso: moto. Jana tu alikuwa akinicheka kwamba uji wangu unafaa kubandikia matangazo.

Sababu niliijua, na nilikuwa nimenyamaza.

Jana adhuhuri nilimkuta bafuni mwa wodi, ameuchomoa mpira wa mkojo kwenye mfuko wake, anausuuza mfuko bombani.

"Siwezi kusimama mbele ya Mola na mkojo unaning'inia mguuni," alisema. "Na wewe, Mama Jasmin, hujaona kitu."

Akaunganisha tena kwa vidole vile vile vilivyofunga koki inayoshikwa na wodi nzima. Niligeuza uso. Mkwe hazungumzi na mkwewe mambo ya chini ya kitovu. Hata mimi, ambaye mume wangu husema sina breki mdomoni, niliona haya.

Sasa meno yake yalikuwa yanagongana. Nesi Raya alikuja, akainama kutazama mfuko. Mkojo ulikuwa mzito, mweupe kama maji ya kuoshea mchele.

"Nani kaufungua huu mpira?"

Mzee alinikazia macho. Nilimwogopa. Lakini kitanda cha dirishani kilikuwa kitupu tangu alfajiri, na mgonjwa wake hakurudi nyumbani.

"Kaufungua mwenyewe," nikasema. "Anausuuza mfuko bombani ili aswali."

"Ewe mwanamke! Unanivua nguo mbele za watu!"

"Nakuvua, baba. Bora hivyo kuliko mwanao Masoud aje kukuvisha sanda."

Raya hakucheka. Vijidudu vimeshapanda kwenye kibofu, alisema, na huenda vimeingia damuni. Alinawa mikono, akavaa glavu, akamwita daktari. Wakabadilisha mpira na mfuko, wakatundika dripu ya dawa.

"Ungesema jana," Raya aliniambia mlangoni, asimalizie.

Nikampigia mume wangu simu kule kijijini Fukayosi: njoo leo hii.

Alasiri ikaadhiniwa. Mkono wa mzee ukapapasa kiungio cha mpira. Nikaushika.

"Utaswali nao hivyo hivyo. Una udhuru."

"Nani kakufanya shehe?"

"Hakuna. Lakini hufungui."

Akaung'oa mkono wake, akafumba macho, midomo ikaanza kwenda. Kipimajoto kilisoma thelathini na tisa nukta nne. Nilikaa miguuni pake nikisikiliza pumzi zake, na haja ndogo ilinibana, nisithubutu kuondoka.