Hakuomba Maji

Walimkamata kaka kwenye geti la karakana ya reli, mchana kweupe, wiki ile ya mgomo. Serikali ikasema katorokea nje. Mwaka ukapita. Shemeji, mkewe, bado anampigia pasi mashati.

Mimi ni fundi wa kuchomelea, shule niliiacha mapema. Nikaandika hadithi, ikatoka kwenye gazeti la chama chetu cha wafanyakazi: mfanyakazi anafungiwa chumba cha chini, wanafungulia redio mpaka mwisho ili kilio kisisikike nje, naye anakata roho akiomba maji. Sikuwa na shahidi. Yote niliyabuni.

Wakaniita. Ofisi yenye feni mbovu na picha ya mkubwa ukutani, imekaa upande. Walikuwa wawili, mmoja wa miwani, mwingine wa kitambi.

"Mwandishi!" Kitambi akacheka. "Kuchomelea na kalamu, wapi na wapi?"

"Ni hadithi tu, afande."

"Tena mbovu. Eti anaomba maji!" Akalipiga gazeti kwa kiganja. "Yule hakuomba kitu. Mpaka anakata roho, hakuomba."

Miwani akamkanyaga mguu chini ya meza. Nilisikia kiatu.

"Nenda," Miwani akasema. "Na ukome kuandika."

Nikarudi kwa miguu. Hasira ninazo tangu walipomfukuza baba kazini kwa kudai glovu, na sijasahau sura hata moja. Siku ile hasira hizo nilizitafuta, sikuziona.

Shemeji alikuwa anapiga pasi.

"Wamekupiga?"

"Hapana."

"Mbona umekauka hivyo? Sema, shemeji."

Nikamwambia, neno kwa neno. Akaichomoa pasi kwenye umeme. Akalikunja shati, akaliweka juu ya mengine, akalisukuma rundo zima upande wangu.

"Vaa wewe. Mabega mnalingana."

"Haya."

Akakaa. Akatazama ubao wa pasi kama mtu anayesubiri maji yachemke.

"Gazeti lenu linatoka tena lini?"

"Ijumaa."

"Basi hadithi irudie. Hapo pa maji patoe."

"Wamenikataza kuandika."

"Nimekuuliza walichokukataza? Watu wameshasoma kwamba aliomba. Hakuomba."

Nikavaa shati moja, bado lina joto la pasi. Nikakaa mezani na hadithi, nikafuta maji.